Nusu ya Saa za Qamara Kutoa Mbili

Mwaka ule wa ukame nilipanda lori la vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu. Juu ya magunia, Leonida, mama mkulima, alikuwa akimweleza abiria mwenzake, mwalimu Thomasi, kesi yake ya maji ya mfereji. Baba mkwe wake, akikata roho, alisema: "Leonida apewe nusu ya saa za Qamara kutoa mbili." Qamara ni shemeji yake, aliyerithi saa zote za zamu ya maji, na baraza la kuamua kesi lilikuwa Karatu asubuhi hiyohiyo.

"Saa za Qamara tuziite x," mwalimu alisema. "Ukigawa nusu kwanza, ndipo utoe mbili, unapata kidogo. Ukianza kutoa mbili, ndipo ugawe, unapata saa moja zaidi. Kesi yako ni mabano tu, mama."

Mabano tu! Saa moja ya maji kwa vitunguu vinavyokauka.

"Mzee alipumua wapi?" mwalimu aliuliza. "Baada ya 'nusu', saa hiyo ni yako; au baada ya 'Qamara', huipati?"

Leonida alifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena. "Alikuwa anakufa, mwalimu. Alipumua baada ya kila neno." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nikisema ni baada ya 'nusu', nitakuwa nimedanganya?"

Mwalimu alifumbua mdomo, lakini lori lilikuwa limesimama, na chini Qamara alikuwa ameshanyoosha mkono kumsaidia shemeji yake kushuka.