Anselmi Fabian Mbawala, Fundi Aliyekataa Mafuta

Kaka yetu mpendwa Anselmi alizaliwa Kisarawe tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Fabian, aliyekuwa muuguzi. Mimi ninayesoma, Recho, ni kitinda mimba. Alimaliza darasa la saba hapohapo mwaka 1972, kisha akajifunza useremala Kibaha. Walimu walisema ana mikono myepesi na kichwa kigumu. Yote mawili ni kweli.

Mwaka 1984 alifungua karakana Mkuza, na tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Jenifa.

Sasa niseme jambo ambalo familia nyingine zingelificha. Pasaka ya 1991, unyevu wa masika ulikuwa umefanya vibonye vya piano ya kanisa letu kuwa vizito. Kaka akavitia mafuta ya cherehani. Vitambaa vya sufu vinavyoshika vibonye viliyanywa vikavimba, na katikati ya ibada vibonye vikazama visirudi. Wazee wa kanisa wakaamua piano iuzwe kama mbao. Kaka akasimama mbele ya watu wote: "Nimeiharibu mwenyewe, nitaitengeneza mwenyewe."

Ilikaa sebuleni kwake miaka mitano. Alibadilisha vitambaa vyote, akaanza kutafuta kilainishi kikavu. Poda ya mtoto iliganda masika yalipoingia. Unga wa risasi ya penseli ulifaa pale mbao inaposuguana na mbao, lakini ulichafua vitambaa, na mashuka ya Jenifa pia.

"Baba Maua, umenioa mimi au piano?"

"Mama Maua, wewe hujawahi kukwama."

Hatimaye akapata unga mweupe, jamii ya ule unaozuia chakula kisigande kwenye kikaango. Alipaka kidogo tu, kwa brashi. Pasaka ya 1996 vibonye vyote themanini na vinane viliitika, na wazee walewale ndio walioimba kwa sauti kubwa zaidi. Tulilia kwa furaha. Tangu hapo shule na hoteli zilimwita hadi Dar.

Mwaka 2023 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, akamrithisha bintiye Maua brashi yake. Pasaka hii, tarehe 20 Aprili 2025, alikuja kanisani kwa kiti cha magurudumu. Baada ya wimbo wa mwisho alimuuliza Maua, "Kuna kilichokwama?"

"Hakuna, Baba."

"Basi."

Alifariki Ijumaa, tarehe 25 Aprili, nyumbani Mkuza.

Ameacha mjane, Jenifa. Watoto wawili, Maua na Kibwana. Wajukuu wanne, na mimi mdogo wake.

Tusimame, Maua atupigie piano. Nje masika yamechachamaa, na hakuna kibonye kitakachokwama. Pumzika kwa amani, Kaka. Umeitengeneza.