Jengo Letu Lililokuwa Pana Upande Mmoja

Baba Paroko, Masista, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kuliaga Jengo la zamani la shule ya kigango chetu, mimi ni Bonaventura, mtoto wa Mama Verediana na mjukuu wa Katekista Tluway, nimetumwa kusoma historia hii, ingawa wapo waliosema ukoo wetu usisogezwe karibu na jengo hili hata likiwa limekufa.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Machi 1952, hapa juu ya Endasak, kwa mawe ya mtoni na matofali ya kuchoma. Padre Herman alichora ramani, akasimamia kazi, na kwa kuwa hakuwa na subira ya kutafuta kipimo, akapima kwa miguu yake, akisema hatua yake moja ni futi tatu kamili. Upande wa kaskazini, penye Darasa la Kwanza, alipiga hatua nane, kisha akaenda likizo kwao Ulaya, upande wa kusini akamwachia Babu Tluway, ambaye alikuwa mfupi sana. Aliporudi kuta zilikuwa zimefika madirishani, na jengo lilikuwa pana huku na jembamba kule, ndiyo maana wengine walisema limezaliwa na umbo la jeneza. Padre alicheka mbele ya watu wote, akasema hizo ni hatua za Tluway, na Babu akainamisha kichwa, akajibu, “Ndiyo, Padre.”

Kielimu, marehemu alianza Darasa la Kwanza akaishia la Nne, na ndani yake kadiri mtoto alivyopanda darasa ndivyo alivyobanwa. Mwaka 1961, baada ya kuachana na paa la nyasi ambalo halikuvumilia masika, alifunga ndoa na paa la bati, ndoa iliyodumu miaka sitini na minne japo bi harusi alipelea upande wa kaskazini na kuvuja tangu fungate. Alijaliwa watoto wengi, wakiwemo mapadre watatu, masista saba, na mimi.

Sisi tulibaki na jina la Hatua Fupi. Mama yangu alipoposwa mwaka 1968, washenga waliuliza kwanza kama binti naye hupima vitu kwa miguu, na Babu alifariki mwaka 1984 bila kujitetea hata neno moja.

Marehemu alianza kuugua mchwa mwaka 2006, zikafuata nyufa na popo. Hata hivyo, Desemba 2023, tope la mlima lilipoporomokea kijiji cha Jorodom, aliwapokea ndugu zetu wiki tatu katika Darasa la Kwanza, na tulishukuru kwa kila futi iliyozidi.

Alifariki Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alipoangushwa kwa idhini ya kamati. Msingi ulipobaki wazi, fundi Nicodemo aliupima kwa tepu, akaomba ile ramani iliyoning'inia ofisini kwa Paroko miaka yote bila mtu kuisoma. Kaskazini kwa Padre ni futi ishirini na saba. Kusini kwa Babu ni ishirini na nne, na ramani inasema ishirini na nne pande zote. Mama ameniagiza, “Soma taratibu, na hapo kwenye futi urudie,” kwa hiyo narudia, ishirini na nne. Ndipo Mzee Seifu wa Katesh alipotueleza kwamba baba yake, fundi cherehani Musa, alimwazima Babu ubao wake wa yadi, wa kupimia vitambaa, wenye futi tatu kamili, akaombwa asimwambie mtu, maana Padre akishapima kwa miguu yake, katekista hawezi kuonekana na ubao mkononi.

Tunawashukuru mafundi waliomtibu nyufa, majirani waliomwazima ngazi, walimu waliofundisha chini ya matone, na Mzee Seifu, aliyekuja leo na ubao wenyewe. Jengo letu, pumzika kwa amani. Nawe Babu Tluway pumzika, neno ulilolinyamazia nimelisema mimi, mbele ya Paroko, mara mbili.