Mkate wa Saa Kumi

Ndani ya basi, simu ya fundi cherehani ililia saa kumi kamili, naye akatoa mkate mkobani. Shangazi yake akawageukia abiria: "Huyu miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa mifupa mitupu, chakula hakigusi! Mtazameni mashavu sasa!" Abiria wakapongeza, kana kwamba kuna aliyewaomba maoni. Mkate ukakwama mkononi.

"Shangazi, ukiyataja mashavu, mkate haushuki."

"Si ulishapona, mwanangu?"

"Napona kila simu ikilia! Unadhani naitegesha inikumbushe kula kwa nini?"

"Sasa mtu akusifu vipi?" shangazi alilalamika.

"Asinisifu! Anyamaze, nile!"

Basi likasimama kituoni kwao. Shangazi akainuka, kondakta akagonga bati akiwahimiza. Fundi hakubanduka. Aliuma mkate, akatafuna taratibu, basi zima likimngoja.