Mhandisi Reino Kangasniemi, Aliyesema Ni Joto

Marehemu Reino Olavi Kangasniemi alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 hapa Salmi Bend, Michigan, mtoto wa pili wa mzee Arvid na mama Hilja. Mtoto wa kwanza ni mimi, Elma, ninayewasomea. Wasifu uliochapwa kwenye programu zenu aliuandika Bwana Duane Perttula, mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti. Una maneno matamu sana. Ukunjeni, muutie mfukoni, mnisikilize mimi.

Marehemu alisoma hapa hapa mpaka akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akapata shahada ya uhandisi huko Houghton mwaka 1980. Akili alikuwa nazo, hilo silipingi. Utotoni alikuwa akilala kifudifudi juu ya daraja letu la mtoni, sikio kalibandika kwenye chuma. "Elma, njoo usikie, linanguruma!" Nami namwambia, "Ondoka hapo wee, lori la magogo litakusaga!" Siku hizo alikuwa bado anasikiliza kitu.

Mwaka huo huo wa 1980 aliajiriwa katika ofisi ya barabara ya kaunti, na mwaka 1996 akawa mhandisi mkuu. Tarehe 4 Juni 1983 alimwoa wifi yangu Bernadine, mwanamke mvumilivu kupita kiasi. Walijaliwa mtoto mmoja, Signe, naye akasomea uhandisi na kuja kufanya kazi chini ya baba yake. Maskini mtoto.

Mwaka 2004 ndipo vilipobandikwa vihisi chini ya daraja, vya kupima linavyotetemeka mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kila daraja lina mtetemo wake. Baridi ikigandisha lami, daraja hukakamaa na mtetemo unakuwa wa haraka. Kiangazi hulegea, mtetemo ukapungua kasi. Kwa hiyo anayejua kazi hulinganisha Januari na Januari. Kasi ya mtetemo wa Januari ikizidi kushuka mwaka hadi mwaka, daraja linaumwa. Hata mimi niliyefundisha watoto kuimba nimelielewa hilo.

Ndugu yangu alifanya nini? Kengele ya vihisi ilipolia kwamba mtetemo umeshuka kupita kikomo, alikishusha kikomo. Ikilia tena, anakishusha tena, mpaka mashine ya watu ikanyamaza. Halafu akatembea mjini kifua mbele, eti daraja lake halijawahi kulalamika! Jamani, ukimziba mtu mdomo utamsikia wapi?

Mwaka jana nilikuwa mezani kwao, pasti, ile mikate yetu ya kujazwa nyama, zinapoa.

"Baba, umeshusha kikomo tena," Signe akasema.

"Ni joto tu, binti yangu."

"Baba, tuko Januari. Nje hata mate yanaganda. Joto gani?"

"Basi vihisi vimezeeka."

"Vimebadilishwa Oktoba."

"Kula chakula chako, Signe."

Basi. Hiyo ndiyo hekima ya mhandisi mkuu. Bernadine akaongeza kahawa, tukazungumzia paa waliowindwa msimu ule.

Kuumwa kwake kulianza vuli iliyopita. Moyo ulikuwa unaruka mapigo. Daktari wa Marquette akambandika kifuani kifaa cha kufuatilia moyo, akae nacho wiki mbili. Marehemu alikivua aingie sauna, na hapo hakuna ubaya, ila hakukirudisha. Nikamuuliza, Reino, kifaa kiko wapi? Akanijibu bila haya, "Kilikuwa kinapiga kelele bure, Elma. Ni joto la sauna." Sikio la kufa halisikii dawa. Tarehe 17 Januari 2024, asubuhi, alianguka mlangoni kwake akizoa theluji, koleo mkononi. Nilifika kabla ya gari la wagonjwa. Nilimshika uso, ulikuwa wa baridi kabisa, na nilikuwa na hasira naye, mpaka leo ninayo, kwa sababu nilimpenda na angeweza kuwa hapa.

Mnajua kwamba Januari kaburi halichimbiki kwetu, maiti husubiri ardhi iyeyuke. Wiki ile ile Signe, aliyeachiwa ofisi, alimpelekea Bwana Duane amri ya kufunga daraja, aitie sahihi. Bwana Duane akasema nini? "Tusimvunjie heshima marehemu kabla hajazikwa." Kwa hiyo tangu Januari mpaka leo, tarehe 18 Mei, mabasi ya shule na malori ya magogo yanapita juu ya daraja bovu kwa sababu ndugu yangu yuko kwenye jokofu! Na sasa jua limetoka, najua utakachosema, Duane. Utasema ni joto.

Usihangaike na heshima yake. Mimi dada yake mkubwa nimekwisha kuivunja, mbele ya watu wote hawa. Kalamu anayo Signe. Tia sahihi.

Kahawa na mikate viko katika ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya mto. Sisi tutazunguka kwa barabara ya Lahti, msafara wote, tufuate gari la Signe. Wewe Duane, kama bado unamwamini marehemu, lipite daraja lake, peke yako. Tutakuwekea kikombe.

Marehemu ameacha mjane, Bernadine, binti, Signe, wajukuu wawili wanaopanda basi la shule kila asubuhi, na dada, mimi.

Apumzike Reino. Na daraja nalo lipumzike, leo.