Gernot Wischnewski, Gitaa na Nyundo

Marehemu Gernot Wischnewski alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Meiderich, Duisburg, Ujerumani, mwana wa pekee wa mzee Bruno na mama Hedwig. Akiwa na miaka kumi na mmoja, chuma kilichoyeyuka kilimmwagikia baba yake kiwandani, kikamuua. Jeneza lililetwa limeshapigiliwa misumari. Mama alikatazwa kulifungua.

Alisoma shule ya mtaani hadi 1960, akaanza kujifunza uchomeleaji, akafukuzwa kwa kumtwanga msimamizi aliyekidhihaki kifo kile. Ndipo akashika gitaa. Bendi yake ya roki ilijaza kumbi hadi Hamburg.

Mwaka 1982 alikwenda kuwasikiliza Anka Drewes na Tilo Sobotta, vijana waliopiga muziki kwa nyundo, mapipa na misumeno ya umeme ndani ya kiwanda kilichofungwa. Anka alipomwona alimtupia nyundo miguuni.

“Babu, umekuja kusinzia? Gitaa lako limeoza!”

“Na wewe unapiga pipa kama unaua panya. Sogea huko!”

Walipiga mpaka viganja vikachuruzika damu.

Novemba 1983 aliwapandisha jukwaani Bochum, mbele ya mashabiki wake mwenyewe. Wimbo wa pili haukwisha. “Msaliti! Turudishie Gernot wetu!” Chupa zikaruka. Wanaume wakapanda na minyororo, wakimwendea Anka. Gernot akamkinga kwa mwili wake. Walimkanyaga mkono wa kushoto hadi vidole viwili vikasagika, hospitali ikavikata.

Aliapa kutogusa gitaa tena. Tilo akamletea nyumbani kwa mama yake kipande cha bomba alichokikereza, akamvisha kwenye kimojawapo cha vidole vilivyosalia.

“Jaribu, mzee. Hiki hakizijui nyimbo zako za zamani.”

Gernot alimtukana, kisha akakiburuza juu ya nyuzi. Mama Hedwig akatoka jikoni akilia: “Hiyo ndiyo sauti ya kiwanda cha baba yako.” Toka siku hiyo Gernot, Anka na Tilo walirekodi pamoja miaka thelathini: vijana wakimfunza ukali, yeye akiwafunza kuuacha wimbo upumue.

Mwaka 1986 alimwoa Roswitha, muuguzi aliyemfunga kidonda. Walijaliwa binti, Jule.

Saratani ya mapafu ilimshika 2019. Ilimtafuna kikatili, akitema damu kwenye beseni. Anka alimuuliza, “Babu, unaogopa?” Akajibu, “Naogopa mtanipigia kinanda cha kanisa.” Alifariki nyumbani tarehe 4 Februari 2021.

Ameacha mjane wake Roswitha, binti yake Jule, mjukuu Fenja, pamoja na Anka na Tilo, ambao wamekuja na nyundo zao.

Mola ampumzishe kwa amani, na wanaolala jirani yake wamwie radhi kwa kelele.