Mzee Mikasi na Majibu Aliyoyafungua Upya

Naanza na jambo ambalo sijawaambia ninyi wenzangu: miongoni mwa sampuli zinazosomwa wiki hii katika maabara yetu, moja ni damu yangu. Nimeona niseme, maana siwezi kumwandika Mzee Mikasi kana kwamba mimi ni mpita njia.

Anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina alilipata enzi za hadubini, alipokuwa akikata kwa mkasi picha za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, na kuzipanga mbili mbili, ya mama na ya baba, akitafuta iliyokatika au iliyoungana pasipo pake. Kutulia hajui. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anazunguka korido akijisemea, hadi dada wa usafi humwomba angalau asubiri deki ikauke.

Mashine ya kusoma jenomu, yaani urithi wote wa mtu herufi kwa herufi, ilipoletwa, wengine walishangilia. Yeye alikosa usingizi. Alijua kuna mabadiliko madogo ambayo hadubini haiyaoni, basi akazipigia simu familia alizokwisha kuziambia kwamba ziko salama, akaomba idhini ya kupima upya. Bosi alimuuliza kwa nini anajitafutia lawama. Akajibu kwamba lawama ataibeba, mradi watu wasiendelee kulia bila kujua sababu.

Mmoja wao alikuwa dada yangu. Mimba zake zilikuwa zikiharibika, na mtaani aliitwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Mzee alimwomba radhi kwa jibu la kwanza, kisha akachomoa kamba za viatu vyake, moja nyeusi na moja ya kahawia, akazikata na kuzifunga upya, kila moja ikiwa na mkia wa mwenzake. Hivi ndivyo kromosomu zako mbili zilivyobadilishana vipande, alimweleza, na hakuna kilichopotea, ndiyo maana wewe ni mzima. Ila mtoto anaweza kupewa kamba moja tu kati ya hizi, akazidishiwa huku na kupunjwa kule. Dada alilia, kisha akacheka kumwona mzee mzima akiondoka viatu vikimpwaya. Leo ana mtoto wa kiume, mtundu kupindukia.

Kasoro ile ilitoka kwa baba yetu, kwa hiyo huenda nami ninayo. Nilipoomba kupimwa, Mzee, ambaye huniita Bi Kimya, aliacha utani. Alinirudisha nyumbani nikafikiri kwanza. Nikafikiri, nikarudi. Akaahidi kuyasoma majibu mwenyewe kabla ya kukabidhi funguo. Tangu asubuhi anapita mlangoni bila kunitazama, nami sijui kama ni habari au ni miguu yake ya kila siku.

Mzee wetu, asante kwa kutoridhika na majibu yako mwenyewe. Tunakutakia afya na mapumziko mema, ingawa tunajua hutapumzika.

Nanyi wenzangu, Ijumaa dada atakuja kumuaga. Hajui kwamba nimepima. Majibu yakiwa yale ninayoyaogopa, nataka ayasikie kwangu, tukiwa wawili, nimemshika mkono. Tafadhali, msimwambie.