Paa la Mwaka wa Ukata

Wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote majirani na ndugu mliofika hapa nyumbani kwetu Mikumi, poleni kwa msiba huu ambao ni wa kila mmoja wetu. Mimi ni Optatus, mtoto wa pili wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kusoma maisha ya mama yetu, ambaye asingependa nisome kirefu, maana aliamini watu wakikaa sana msibani biashara zao zinalala.

Mama yetu, Tumwagile Melkizedek, ambaye wengi mlimwita Mama Doris, alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 katika kambi ya wakata mkonge huko Kimamba, wilayani Kilosa, ambako babu alifika kutoka Rungwe kutafuta kibarua na hakurudi tena. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kimamba kuanzia mwaka 1966 hadi alipohitimu darasa la saba mwaka 1972, na tangu utotoni alijulikana kwa mkono wa birika, wala hakuona haya kulisema hilo mwenyewe.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na baba yetu, Beda, fundi wa njia ya reli aliyekuwa akifanya kazi Kidete, wakajaliwa watoto watatu, Doris, mimi na Loveth. Baba alipopunguzwa kazini mwaka 1998 walihamia hapa, mama akafungua mgahawa kando ya barabara kuu, akawa anawapikia madereva wa malori, na kila jioni alitia faida kwenye kibubu cha mbao alichokifukia chini ya kitanda, bila hata baba kujua, hadi baba alipotutoka tarehe 14 Februari 2009. Mwaka 2011 alikichimbua ili anunue bati, akakuta noti zote zimegeuka unga, akacheka kwanza, kisha akalia sana, akasema, "Miaka yote hii nimewalisha mchwa, na jirani zangu nawanyima!" Ndipo akajiunga na kikoba, ambamo akiba yake ya wiki hii ilikuwa mtaji wa mwenzake wiki ijayo.

Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, wageni wa mbugani walikatika, malori yakapungua, na kila aliyekuwa na senti akaifungia ndani, kila mmoja kwa busara yake, lakini busara hizo zote zilipokutana soko likanyamaza. Deo seremala alianza kufungasha vifaa arudi kwao, Sipora akawa anamwaga maziwa ya ng'ombe wake kwa kukosa wanunuzi, na Yassin muuza mchele alirudi kijijini kwao, Ulaya ya hapa hapa Kilosa, na mchele ule ule aliokuja nao kwa baiskeli. Mama alikuwa ametoka kupokea mgawo wake wa kikoba, ndiyo fedha pekee aliyokuwa nayo, na ndugu walimsihi aishikilie, kwa kuwa mgahawa haukuwa unaingiza kitu na ikiisha hiyo ndiyo basi, lakini yeye alimfuata Deo akamwambia, "Usifungashe randa, mwanangu, njoo uniezekee nyumba."

Watu walisema mama amechanganyikiwa. Deo alipolipwa alinunua maziwa kwa Sipora, Sipora akanunua mchele kwa Yassin, na Yassin akaja kula kwa mama, akalipa. Sisemi paa moja liliiokoa Mikumi, maana miezi ile ilikuwa migumu na wengi walifunga biashara, ila Deo hakuondoka, mgahawa haukufungwa, na waliokuwa wakicheka walianza mmoja mmoja kuagiza milango kwa Deo.

Alikuwa mkali pia, tusidanganyane hapa mbele yake, na ukinunua mbali kitu kinachopatikana kwa jirani alikununia, kama Loveth alipoleta mkate kutoka Morogoro, ukaishia kwa kuku.

Mnamo Oktoba 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Kilosa na baadaye Morogoro, hadi alipofariki dunia hapa nyumbani, chini ya paa hilo, alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 68. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba, nasi tunamlilia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha naye zamu kwa zamu, na wanakikoba wenzake. Ndugu wengine walitaka jeneza la mjini, tukakataa, na hili mnaloliona amelichonga Deo, ambaye alikataa malipo kwa machozi, akisema hawezi kuchukua hela ya mama yake, nasi tukamlazimisha apokee, kwa sababu tunamjua mama, asingelala.

Ameshalipwa, mama, na leo asubuhi tumemwona kwa Sipora akinunua maziwa. Sasa pumzika, pumzika kwa amani.